Kashe Iko Wapi?

"Kashe iko wapi?"

Aliyeuliza ni kijana wa Kizungu aliyeingia katika ofisi moja ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, simu mkononi, magoti yamejaa matope. Kwao, kijiji cha pwani chenye reli iliyokufa, kuna mchezo: watu huficha vikopo chini ya mataruma, wengine wakavitafuta kwa setilaiti. Kikopo ndicho kashe. Rafiki yake alikuwa ameficha kimoja kando ya ziwa letu.

Mama Mkongo mbele yangu kwenye foleni alicheka mpaka akashika kaunta. Kwa Wakongo, kashe ni muhuri.

"Papa, hata miye niko natafuta kashe, tangu juma yenye ilipita! Ya ruhusa ya kupeleka mutoto ku hospitali ya Ruharo, macho inamuuma. Simu yako inaweza kunionyesha fasi iko?"

Karani alichukua ufunguo wa pikipiki. "Mgeni asipotee. Twende, mimi napeleka wewe. Nyinyi mungoje."

Tukangoja mpaka ofisi ikafungwa. Nasikia kikopo kilipatikana. Ndani mlikuwa na penseli na kifungo cha shati. Hongereni.

Bwana karani, muhuri uko kando ya kikombe chako cha chai. Niliuona bila setilaiti. Tafadhali mgongee mama huyo karatasi yake.