Neno Lililobanduka kwenye Kadi ya Mzee Romani

Nilimtengenezea mgonjwa kadi ya kumtakia apone. Ilipomfikia, ikasomeka kama kadi ya msiba.

Kesho yake jioni akafariki.

Naitwa Elieshi, Mama Kindness, nakaa Singe hapa Babati. Usinihukumu kwanza, soma mpaka mwisho.

Mambo ya kadi niliyaanza kama mchezo tu. Kabatini kulikuwa na rundo la kadi za michango ya harusi, nyingine za watu ambao walishaachana zamani. Karatasi ngumu nzuri namna ile inaliwa na mende. Nikashika mkasi, nikageuza upande mweupe, nikaanza kubandika maua.

Maua nilikuwa nayakata kwenye maganda ya mahindi. Ukiyaloweka maji ya moto yanalainika, ukiyapiga pasi yananyooka kama kitambaa. Ukitaka ya njano unayachovya kwenye maji ya manjano, ukitaka mekundu, maji ya bitiruti.

Maganda nilipewa na jirani yangu, Mzee Romani, mkulima na mtu wa utani sana.

"Mama Kindness," aliniambia siku ya kwanza, "ng'ombe wangu akikosa chakula nitamleta kwako asome kadi."

Basi mzee akaugua, akalazwa. Kila aliyeenda kumwona alimwambia utapona, mzee. Na mimi nikataka kumwambia hivyo, ila kwa mtindo wangu. Nikakata herufi kwenye maganda ya shambani kwake mwenyewe, nikazipanga mistari mitatu:

PUMZIKA
UPONE
KWA AMANI

Gundi ilikuwa imeisha. Nikapika uji wa ngano, ukatoka mwepesi. Niliuona kabisa, lakini Veronica, dada yake mzee, alishafika mlangoni na hotipoti anaelekea hospitali, na kadi nilitaka aende nayo. Nikalipua. Nikasema itashika tu, nikaitia kwenye bahasha.

Siku ya msiba naingia nyumbani kwa mzee, nakuta kadi yangu imeegeshwa pembeni ya picha ya marehemu.

Pumzika. Kwa amani.

Katikati, mahali pa UPONE, palibaki michirizi ya uji uliokauka.

"Hiyo niliibeba mimi," Veronica alikuwa anawaambia wanawake waliokuwa wanamenya viazi. "Niliiacha ndani ya bahasha. Kesho yake nakuta imesimama mezani kwake, inamwambia kaka apumzike kwa amani. Mtu bado anapumua."

Wakanigeukia wote. Ningeweza kusema ni gundi, lakini nikauchuna. Nani angeniamini? Iwe gundi, iwe makusudi, hata mimi sikuona tofauti. Mgonjwa amelala peke yake, anafungua bahasha ya jirani, anakuta anaagwa. Nilijiona mchawi kabisa.

Mama Xaveria, mke wa mzee, alikuwa amekaa kwenye godoro. Jina lake Domitila. Akaniona, akaninyooshea mkono kama anataka kuniambia kitu.

Nikala kona kupitia mlango wa jikoni.

Mazishini nilisimama nyuma kabisa. Matanga sikuyakalia. Nilimtuma mume wangu, Calvin, na sufuria la makande, nikasema naumwa. Kwenda sokoni nikawa nazunguka kwa nyuma ili nisipite mlangoni kwa Domitila. Mkasi niliutupa juu ya kabati. Nikipika uji wa mtoto ukatoka mwepesi, nalia.

Mvua za kupandia zilipoanza, nikasikia hodi. Alikuwa Domitila mwenyewe. Mfiwa amekuja kwangu, wakati mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kwake. Aibu hiyo siwezi kuieleza.

"Shikamoo, Mama Xaveria."

"Marahaba. Nilidhani umehama."

"Sijahama, mama."

"Basi nimekosea."

Nikapiga magoti palepale mlangoni.

"Mama, nisamehe. Gundi ilikuwa nyepesi, neno likadondoka. Mzee amekufa akijua ninamwombea kifo."

Akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akanionyesha kiganja. Juu yake kulikuwa na herufi za maganda ya mahindi.

"Halikudondoka," akasema. "Alilibandua mwenyewe kwa ukucha. Mimi nimekaa pale naangalia."

Nikainuka pale chini.

"Wote tulimwambia utapona. Watoto, padri, hata mimi. Yeye anajua haponi, na akisema, tunamkemea. Kadi yako ameisoma, ameisoma. Halafu akatoa neno la katikati, akanipa. Akasema, Domitila, hili mimi limenipita, shika wewe. Wewe ndiye upone. Haya yaliyobaki ni yangu." Akapangusa uso. "Ndiyo tukaongea. Watoto, shamba la Sigino, mahali atakapolala. Siku ile tuliacha kudanganyana."

"Sasa mbona hukusema, mama? Watu wananiona mimi ndiye nimemuua."

"Nimwambie Veronica kwamba kaka yake alikubali kufa? Yule angeanguka. Nilitaka kukuambia wewe. Nimekunyooshea mkono, umekimbia. Nikasema atarudi. Matanga yameisha, hukurudi. Mimi nilitaka unibandikie neno langu tu. Mambo ya gundi mimi siyajui."

Nikazitazama zile herufi. P ilikuwa imekatika vipande viwili. N ilikuwa vumbi. Zilikaa kwenye khanga zikinisubiri mpaka zikavunjika.

Kumbe muda wote nilikuwa najililia mimi, kwa kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya kweli sikuwahi hata kuliwaza. Mwanamke amefiwa, ana neno moja tu la mumewe, na fundi wa neno hilo anapita njia za nyuma.

Nilipika uji mzito. Nikaunga P, nikabandika neno lote kwenye kadi mpya, ila N ilibidi nikate nyingine kwenye ganda la msimu mwingine. Rangi ikakataa kufanana, inaonekana waziwazi. Nikachukua maji ya manjano niiguseguse.

Domitila akanishika mkono.

"Iache," akasema. "Ionekane ulichelewa."

Ndugu yangu unayetaka kuanza kutengeneza kadi, uji uwe mzito. Na ukijiona una hatia kwa mfiwa, usimtume mtu na sufuria. Nenda na hatia yako hivyohivyo, ukakae naye.