Hita ya pisine ya mama mukwe na ile nailoni yake

Wakuu, salama? Leo nimechoka, hata kupamba maneno siwezi. Hii imenipata mi mwenyewe hapa Buja, chumvi sijatia.

Najua mutacheka. Hita ya kupasha maji ya pisine, bwawa la kuogelea, Bujumbura, na hili joto? Mi pia nilicheka.

Ila mama mukwe anakaa Gihosha juu, asubuhi maji inakuwa baridi kweli. Alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Daktari akasema afanye mazoezi mu maji ya uvuguvugu. Mutoto wake wa Ulaya akatuma hita.

Wallahi alianza kutembea. Ndani ya maji, lakini alitembea.

Halafu umeme ukawa wa kwenda na kurudi, mazutu ya jenereta haipatikani. Tukazima.

Mi ni fundi friji, kazi yangu iko mtaa wa Asiatique. Nikafanya vile inapasa: nikakata umeme, nikatoa maji yote ndani ya hita, nikaweka kifuniko juu tu. Pembeni nikaacha wazi, hewa ipite.

Nikarudi kusalimia, nakuta mama ameagiza ifungwe yote na nailoni mpaka chini, na skochi, ule utepe wa kunata, juu yake. Ile nyumba hata rimoti iko mu nailoni. Makochi ndo usiseme, ukikaa unateleza. Zawadi ya mutoto, eti isichakae.

Nikafungua. Nikirudi, imefungwa. Nikafungua tena, ikafungwa tena.

Sasa mukwe atamugombeza mama mukwe kwa kinywa gani? Nikamuomba mke wangu, Zaituni, amwambie. Akasema we ndo fundi, mwambie. Basi tukanyamaza wote, kila mutu na heshima yake.

Umeme ukatulia. Mama akavaa gauni lake la kuingilia maji tangu asubuhi, akakaa kwenye kiti anangoja.

Natoa nailoni: unyevu, kutu, panya wamezaa humo na waya wamekula. Nawasha, kimya.

Nilikaa chini kwenye simenti, wakuu. Nikasema, "Mama, hii nailoni ndo imeiua. Kitu kikikaa bila kazi kinataka hewa, na mutu wa kukiangalia."

Nikangoja kufokewa. Akaitazama mashini, kisha akatazama mguu wake.

"Na mi je?" akasema. "Tangu muzime hii, kila siku mama kaa, mama pumzika, mama usiguse. Mumenifunika vilevile."

Zaituni akaanza kulia.

Spea bado natafuta, mjini apana. Mama amekataa kungoja. Kila asubuhi anashika mkono wa Zaituni, wanazunguka ile pisine kwa nje, pole pole, huku anawalaani panya. Jana alifika kona ya pili.

Nilichojifunza: hita isipotumika, toa maji, funika juu tu, na ifungue mara kwa mara uone ndani. Na mama zenu muwaache wasimame.

Mwenye kujua spea iko wapi, au naye ana mama mukwe wa nailoni, aandike hapo chini. Nitasoma yote. Kujibu, nikishapumzika.