Plasta Iliyofichwa Darini

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu Vidunda, milimani, kusaidia kubomoa jiko la marehemu bibi. Mama mdogo alikuwa juu ya ngazi akiniteremshia vitu kutoka darini, pale juu ya mafiga ambapo bibi alikaushia mahindi ya mbegu kwa moshi. Baada ya vikapu vilivyotafunwa na panya, kikashuka kipande cha plasta ngumu, cheusi kwa masizi, urefu wa mkono wa mtoto. Nilikijua kabla hakijanifikia. Kilikuwa changu.

Niliungua nikiwa na miaka saba. Bibi alikuwa anapika uji wa wageni wa kanisani, mimi nikapita mbio nikaligonga sufuria, uji ukanimwagikia mkono wa kulia. Alinibeba mgongoni hadi tulipopata pikipiki ya kutufikisha hospitali huko bondeni. Kule walinichuna ngozi ya paja, wakaibandika kwenye kiwiko.

Basi wodini nikaanza maisha na nesi mmoja. Kila asubuhi baada ya chai aliloweka bandeji kwa maji ya uvuguvugu ili ziachie, kisha akaunyoosha ule mkono. Nilipiga kelele wodi nzima ikanijua. "Lia, lakini nyoosha," alisema. Aliniambia kovu hukaza kama ngozi ya ngoma juani, lisiponyooshwa mkono unabaki umekunjwa. Akanionyesha komeo la dirisha, juu kabisa. Siku nitakayolifungua kwa mkono ule, ndiyo siku nitakayokuwa nimepona. Nilibakiza kama upana wa kiganja kulifikia.

Tuliporuhusiwa, alimwelekeza bibi: plasta ngumu ya kuuzuia mkono usijikunje ifungwe kila usiku, mkono unyooshwe asubuhi na jioni, halafu turudi. Akaandika kitu kwa kalamu kwenye plasta yenyewe, maana karatasi hupotea. "Nimesikia, mwanangu," bibi akamjibu.

Usiku wa kwanza nyumbani nililia hadi jogoo akawika. Wa pili bibi akaifungua. "Watu wa hospitali hawana huruma. Lala, mjukuu wangu."

Nililala jamani! Msimu ule nilidekezwa sijapata kuona. Sikutumwa maji. Nilikaa jikoni nikimenya njegere kwa mkono mmoja, bibi akinipa karanga za moto kutoka kwenye kikaango. Nilipoulizia plasta, alisema imevunjika, ameitupa. Nilipoulizia safari ya kurudi, alisema nesi amehamishwa na wala hakuniulizia.

Hilo liliniuma kuliko uji. Nikamchukia nesi yule kwa moyo wangu wote, hata muuguzi wa zahanati yetu nikawa namwamkia shikamoo kwa shingo upande. Mahindi yalipokomaa, kiwiko kilikuwa kimeshajikunja. Shuleni nikinyoosha kidole, mwalimu alidhani najikuna sikio.

Sasa nikaifuta ile plasta kwa ncha ya kanga. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka: *Jumatatu baada ya Pasaka. Msikose. Nitakusubiri dirishani.*

Na bibi alikuwa anajua kusoma. Ndiye aliyetusomea kitabu cha sala kila jioni.

"Alikuwa anakuonea huruma," mama mdogo alisema. "Sufuria lilikuwa lake. Ukilia, alikuwa anatoka nje na yeye analia."

Najua. Nina hasira vilevile. Ningelia wiki chache zaidi, yakaisha.

Jiko lilianguka kabla ya saa sita. Kwa miaka mingi, huko mjini ninakoishi, nikisikia harufu ya moshi wa kuni nilikuwa namkumbuka bibi na zile karanga, nafurahi peke yangu. Furaha hiyo sina tena. Ninachokiona ni Jumatatu ile, na mwanamke niliyemchukia maisha yangu yote amesimama dirishani, ananisubiri.