Dada wa Damu au Dada wa Kazi

Nimefundishwa kushukuru kabla ya kulalamika, kwa hiyo nashukuru kwanza. Nchi niliyokulia ilinipokea mimi na wazazi wangu tulipovuka kutoka Burundi, nikiwa bado nabebwa mgongoni mwa mama. Ilitupa shamba, ikanisomesha, ikanipa uraia. Kanisa likanipeleka chuo cha makatekista, likanikabidhi watoto wa parokia niwafundishe dini hadi nywele zangu zikawa nyeupe. Sijasahau hata jambo moja kati ya hayo. Sasa nimeshashukuru, naomba niseme.

Kijana wa ofisi ya vibali mjini Kasulu aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kompyuta, "Mzee wangu, huyu ni dada wa damu au dada wa kazi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Ni dada yangu," nikamwambia. "Tumezaliwa tumbo moja. Yeye ndiye mkubwa."

"Sawa, mzee. Lakini nyie wote mnasema hivyohivyo."

Nilielewa anachosema. Wapo watu, vijijini na mjini, wanaochukua Warundi kuwalimia mashamba na kuwafulia nguo, na wakiulizwa kibali wanasema ni ndugu. Hilo silikatai, nimeliona kwa macho yangu. Na siku hizi msichana anayepika na kuosha vyombo nyumbani kwa mtu anaitwa dada, hata na watu wazima wanaoweza kumzaa. Neno limehamia jikoni. Mtu akisema ana dada nyumbani inabidi aulizwe yupi. Lakini dada yangu mimi ni bibi kizee mwenye mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Ni nani anayemvusha mpakani mfanyakazi asiyeona sufuria iko wapi?

Nieleze jinsi dada yangu alivyokuwa mgeni kwangu. Wazazi wetu walipokimbia, yeye alikuwa ameshaolewa kilima cha pili, akabaki na mumewe. Kabla ya kuolewa, huyu ndiye aliyenibeba mama alipokuwa shambani. Ndiye aliyenifundisha kutembea. Tulikaa miaka mingi bila kujua nani yuko hai. Tulipopatana tena, mumewe alikuwa amefariki, mtoto mmoja amezikwa, na mwingine amekwenda mbali na hatoi habari. Alikuwa anapika kwa kupapasa. Siku jirani yake aliponipigia simu kusema bibi ameungua mkono kwenye mafiga, nilikwenda kumchukua.

Kuja kutembea si shida. Mpakani Mabamba wanagonga muhuri wa mgeni kwenye pasipoti, anaingia. Siku za muhuri zikiisha, inabidi ashuke tena Mabamba, avuke, apate muhuri wa kwao, arudi agongewe mwingine. Mara za mwanzo tulifanya kama matembezi. Tulipanda basi hadi Kibondo, tukala chapati stendi, kisha tukapanda mchomoko, vile vigari vidogo vinavyojaza watu hadi kwenye buti. Mara ya mwisho ilikuwa masika. Tulipopita njia ya Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, gari lilikwama, tukaambiwa tushuke. Dada yangu alikanyaga asipopaona, akaangukia nyonga. Tulifika mpakani akiwa amening'inia shingoni mwangu. Alipogongewa muhuri aliketi kwenye benchi akasema, "Musaza, safari hizi zitaniua. Niache upande mmoja. Wowote ule, lakini mmoja."

Musaza ni kaka, kwa mdomo wa mwanamke. Basi nikasema nitaomba kibali akae kwangu kama mtegemezi wangu, mpaka Mungu atakapomwita. Ndivyo nilivyofika mbele ya yule kijana.

Baada ya swali la dada alihamia kwenye majina. "Mzee, wewe hapa una majina matatu. La tatu ni la baba yako. Huyu bibi ana mawili tu, la ubatizo na hili jingine, na hili jingine halifanani na lako wala na la baba yako. Ukoo wenu ni upi?"

Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza sakramenti kwa watoto. Kwetu mtoto hapewi jina la baba. Anapewa la kwake peke yake, kufuatana na yaliyowapata wazazi alipozaliwa. Baba yangu alizaliwa mwaka wa ukame, jina lake maana yake ni Njaa. Kabla ya dada yangu, mama alizika watoto wawili, kwa hiyo huyu akaitwa jina lenye maana ya Takataka, ili kifo kikipita kisimtamani. Mimi nilizaliwa baba akiwa na kesi ya shamba na jirani. Jina langu maana yake ni Wananionea, na nililipewa ili jirani alisikie kila ninapoitwa kula.

Kijana aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Njaa, Takataka na Wananionea! Mzee, hii ni familia au ni malalamiko?"

Nilicheka naye, maana inachekesha kweli. Nikadhani tumeelewana. Kumbe alipomaliza kucheka alirudi palepale. "Mfumo unataka jina la ukoo. Bila hilo hauendelei."

Nikatoa kitambulisho cha dada yangu cha kwao, ambacho kina jina la baba na la mama. Akasema mfumo unasoma pasipoti. Nikamwambia mfumo hauna macho, macho unayo wewe, soma. Akaniambia niende nikajipange upya, nikirudi nije na bibi mwenyewe ahojiwe.

Nilipotoka niliingia steshenari ya jirani kutoa nakala. Mama mwenye duka aliniona sina furaha akaniuliza, nami nikamsimulia, na foleni nzima ikasikiliza.

"Babu, unajitesa bure," akasema huku anapanga karatasi. "Mwandike dada wa kazi. Hiyo haitaki ukoo. Tena hujadanganya! Si dada? Na kazi ndogondogo si anafanya?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akadakia, "Babu, hapo hata padri anakusamehe kwa simu!"

Sikucheka. Amri ya nane, usiseme uongo, nimeifundisha miaka mingi mno kuisahau mlangoni pa steshenari. Siku zote niliwaambia watoto kwamba uongo wa hatari zaidi ni ule uliojengwa kwa maneno ya kweli tupu, kwa sababu aliyeusema hajioni kuwa muongo. Sasa ofisi inanikataa nikisema kweli na ingenipokea nikisema uongo. Nimeishi kwa amani na wakubwa wa kila aina, lakini jambo hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka sasa.

Nyumbani mke wangu hakunihurumia. "Wewe na amri zako," akasema. "Siku za muhuri zikiisha utamsindikiza Mabamba na amri?"

"Nitajiandikaje bosi wa mtu aliyenibeba?"

"Yeye anataka pa kulala. Cheo hajakiomba."

Nikaenda kusali rozari, nikairudia, na mawazo hayakutulia. Kilichonikataza mwishoni hakikuwa amri peke yake. Kibali cha kazi ni cha mwenye nguvu. Leo ningemwandika mfanyakazi, na siku asipoweza kunyanyuka kitandani wangeniuliza mfanyakazi gani huyu, arudi kwao. Nilikuwa namtafutia mahali pa kuzeekea, na karatasi ile ingemfukuza siku ambayo angepahitaji zaidi. Mke wangu aliposikia hivyo akasema, "Basi nenda ukawaambie hivyohivyo."

Siku ya mahojiano dada yangu alivaa kitenge chake cha kanisani, akajipaka mafuta, akanishika mkono. Kijana alisema nisikae naye, nisije nikamfundisha majibu. Wakamwita mama mmoja wa ofisi hiyohiyo, Muha, atafsiri, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mimi niliketi kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi, na nilisikia kila kitu.

"Bibi, hapo kwa mzee unafanya nini kutwa nzima?"

Jamani. Kwetu mzee anayelishwa bila kugusa kitu anaona aibu, na mgeni akisema hafanyi lolote, ni kama anawasema wenyeji kwamba wamemficha jembe na ufagio, wamemweka kando kama mgonjwa. Dada yangu hakutaka kunitia aibu mbele ya serikali. Nilimsikia akivuta kiti na kukaa wima.

"Mimi?" akasema kwa fahari. "Mimi ndiye ninayefagia uwanja. Nachambua maharage kwa vidole, jiwe haliniponyoki. Namenya mihogo. Namwogesha mjukuu. Mbuzi nawafunga mimi. Nyumba ile bila mimi isingekwenda!"

Hakuna hata nusu ya hayo. Mihogo ndiyo, anamenya. Mbuzi hatuna.

Nilisikia kompyuta ikigongwa. "Na mzee anakulipa nini?"

"Ananilisha," akasema. "Ananivisha. Hiki kitenge alininunulia sikukuu. Sijawahi kuomba kitu nikanyimwa."

Nikaitwa ndani. Kijana alikuwa amekunja uso, na kwa kweli alionekana amekasirika kwa niaba ya dada yangu. "Mzee, nimekuheshimu sana. Lakini bibi mwenyewe amekiri ni mfanyakazi. Tena humlipi mshahara! Chakula na kitenge? Mtu wa kanisa?"

Sijui kama niliwahi kupaza sauti ofisini kabla ya siku hiyo. Nilimwambia, mwanangu, mama yako akija kwako akaosha vikombe, utamwandika nani? Shangazi yako akikaa kwako msimu mzima akakupalilia bustani, utamwita kibarua? Umemuuliza mwanamke huyu swali la heshima, akakujibu kwa heshima, ukalifanya jibu lake kuwa kosa langu. Mwangalie macho. Sogeza mkono mbele yake uone kama anaufuata. Huyo ndiye niliyemvusha anichambulie maharage?

"Mzee, punguza sauti. Hapa ni ofisini."

Yule mama mtafsiri alikuwa ameinamia vidole vyake. Akasema polepole, "Afande, kwetu wazee hujibu hivyo. Hata bibi yangu angejibu hivyo." Kijana akamwambia kwamba kazi yake ilikuwa kutafsiri, naye ameshamaliza. Dada yangu, asiyejua Kiswahili cha kufuata ugomvi, alinivuta shati akauliza kwa Kirundi, "Nimejibu vizuri?"

Nikamwambia umejibu vizuri.

Ombi likakataliwa. Nikaambiwa naweza kukata rufaa mkoani, na majibu yatakuja yatakapokuja. Wakati huohuo siku zake za ugeni zinaisha na ni lazima atoke. Au kama hataki kurudi kwao, akajiandikishe ukimbizi Nduta. Nikasema dada yangu hamkimbii mtu yeyote. Anachokimbia ni upweke, na kambini hawana dawa yake. Kijana akaita anayefuata.

Rufaa niliiandika mwenyewe kwa mkono, kisha mama wa steshenari akaichapa. Alipofika kwenye mbuzi aliacha kuchapa, akafuta machozi ya kicheko, halafu akakataa hela yangu. Nilieleza majina yote matatu na sababu zake. Nilieleza kibali cha kazi kingemfanya nini mtu wa umri ule. Sikumtukana mtu, na sikupunguza neno.

Siku ya mwisho ya muhuri ilipokaribia, mke wangu alifunga mabegi mawili. Hakuniuliza, wala sikumwambia. Aliweka mashati yangu, dawa yangu ya presha na kitabu changu cha sala, akasema, "Ukikaa sana nitakuja kuwachukua wote wawili, na mimi sitaomba kibali."

Kule Mabamba, dada yangu aligongewa muhuri wa kutoka, akanyoosha mkono aniage. Akasikia mimi pia natoa pasipoti yangu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kwako."

"Kwangu kuna nini?"

"Wewe."

Alitukana kidogo, kwa maneno ambayo katekista hawezi kuyaandika, kisha akanishika mkono. Upande wa pili, askari aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa mushiki wanje, dada yangu. Aliangalia pasipoti mbili zenye majina yasiyofanana kabisa, akatuangalia sisi, akagonga muhuri. Kwao majina hayafanani nyumba nzima, na hilo halijamshangaza mtu.

Ninaandika haya nikiwa kwake. Nimeziba tundu la paa, nimemsogezea mafiga mbali na mlango ili upepo usimrushie moto. Asubuhi namsomea masomo ya siku. Yeye ananisahihisha Kirundi changu, anasema nasoma kama mtu anayetafuna mchanga. Majirani wanakuja kuniangalia. Namshukuru Mungu kwa hayo yote, na sisemi kwa mdomo tu.

Lakini mimi nami hapa ni mgeni, na muhuri wangu una mwisho wake. Mke wangu yuko peke yake kule, shamba linangoja mbegu, na kutoka mkoani hawajanijibu. Siku zangu zikiisha nitampeleka tena dada yangu kwenye barabara ileile, na nyonga yake ileile, kwa sababu ofisi imeshindwa kuamua jambo ambalo mama yetu alilimaliza kwa kutuzaa. Nikifika Kasulu sitapitia nyumbani kwanza. Nitakwenda naye ofisini, tutakaa kwenye benchi lile, na safari hii sitatoka mpaka nipewe jibu la maandishi lenye jina la aliyelitoa.