Kambale Sita wa Shemeji

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya ya Hanang alitazama viatu vyangu vilivyopigwa kiwi, akacheka. "Bwana Samaki," akasema, na jina hilo likaniganda mpaka nilipostaafu, "vua hivyo, tunaingia majini." Akanipeleka Endasak kwenye bwawa la shule, akamkamata kambale, akampanua mdomo mbele ya uso wangu. "Watu watakuuliza samaki gani akae na gani. Usihangaike na rangi wala sifa. Tazama mdomo. Anayeenea humo ataliwa."

Miaka yote iliyofuata niliongeza machache tu juu ya somo hilo. Perege hula mwani, ule ukijani wa maji yaliyotiwa samadi, naye huzaa kupita kiasi. Ukitaka kumpunguza, unamwekea kambale wachache, ila kambale awe mdogo kuliko perege siku anapoingia. Akiingia mkubwa, hesabu vifaranga wako wamekwisha.

Kijijini Gehandu nilikaa muda mrefu nikibembeleza wafugaji. Mzee mmoja aliniuliza kama kiumbe kisicho na kwato kinaweza kuitwa mfugo. Nikamwambia mbona kuku naye hana kwato. Alicheka sana, lakini bwawa hakuchimba.

Kisha nikahamishiwa Mbulu, kata ya Bashay, na huko ndiko kuna jambo linaloniuma hadi leo. Mama Paskalina alikuwa mjane. Alichimba bwawa kwenye kipande cha bondeni alichoachiwa na marehemu mumewe. Kikao cha ukoo kilimpa msimu mmoja: akivuna samaki, kipande ni chake, akishindwa, panarudi kuwa malisho ya ukoo. Alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Alishika kila nilichomwambia.

Wiki chache baada ya kupandikiza vifaranga vya perege, nikiwa palepale bwawani, alifika shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu, amebeba ndoo. "Shemeji, nimekuletea hawa uwatunze. Wakizaa tutagawana." Ndani mlikuwa na kambale sita, kila mmoja mrefu kama mkono wangu kutoka vidole hadi kiwiko.

Huku kwetu mtu akikuletea mnyama umtunzie, humkatai. Kumkataa mnyama ni kumwambia aliyemleta kwamba undugu wake huutaki. Mzee yule alikuwa ameleta kambale kama mtu anavyoleta mtamba.

Nilichutama, nikamtazama mmoja mdomo. Mama Paskalina alisimama, ananiangalia mimi, si ndoo.

"Au mtaalamu ana neno?" shemeji akauliza.

"Hapana, mzee," nikasema. "Watazoeana."

Watazoeana! Kana kwamba ni ndama wageni wanaingizwa zizini. Nilijiambia mambo ya ukoo hayanihusu. Ukweli ni kwamba niliogopa lawama, basi.

Siku ya kuvuna wazee wa ukoo walikuja wote. Tulikokota wavu mara tatu. Kambale sita walikuwa wamenona; perege waliobaki hawakujaza sufuria. Hakuna aliyegomba. Wiki haikuisha, ng'ombe wa ukoo wakawa wananywa maji kwenye lile bwawa. Kama shemeji alikusudia, sijui. Mimi sikukusudia, lakini nilijua, na naona kosa langu ni kubwa zaidi.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu aliye Arusha anafuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo, pamoja na matumbawe yake. Kila akitaka kununua mpya hunitumia picha: "Shikamoo babu, huyu atakaa na wenzake?" Bahari yenyewe sijawahi kuiona, lakini namjibu hapohapo: nipigie picha ya mdomo. Nikimkatalia ananuna. Anune tu.

Juzi, baada ya ibada, nilikutana na Mama Paskalina. Tulijuliana hali, kisha nikamwambia nilichopaswa kumwambia zamani, kwamba siku ile nilijua.

"Najua ulijua," akasema. "Ulimtazama mdomo, kama ulivyonifundisha. Hata mimi niliuona. Lakini mimi nimeolewa pale, ningekataaje cha shemeji? Wewe ulikuwa mtu wa serikali. Ungekataa, wangekununia siku mbili yakaisha. Nilikuwa nakusubiri wewe useme."