Mahindi ya Mwisho ya Nyokabi

Ukitaka kumjua Mzee Gikonyo wa mtaa wa Pioneer, anza na ubahili wake wa chakula. Huyu ni mtu wa kuokota punje moja ya mahindi barabarani, akaipuliza vumbi, akaitia mfukoni. Marehemu mkewe, Nyokabi, alikuwa vivyo hivyo. Mungu aliwakutanisha makusudi.

Nyokabi alifuga sungura. Mahindi walilima kijiji cha Ziwa, kwenye shamba la kukodi, na mwaka aliofariki ni yeye aliyeyapanda kwa mkono wake. Wakati wa kuvuna mvua ikagoma kukatika, naye akalazwa hospitalini. Gikonyo akayashindilia mahindi kwenye magunia yakiwa bado hayajakauka, akakimbilia kando ya kitanda cha mkewe. Wiki tatu. Alipomaliza kumzika akarudi nyumbani, akafungua gunia, akakuta kuvu ya kijani.

Unadhani aliyatupa? Thubutu! Alichagua. Punje nzuri zikawa zake, mbovu akazianika juani, akazisaga, akawapa sungura. Sungura sita wakawa wanne, wanne wakawa mmoja: Bibi Harusi, yule mweupe ambaye Nyokabi alimpenda mpaka majirani wakamcheka. Sasa naye alikuwa amejikunyata pembeni mwa kizimba, anasaga meno kwa maumivu, hataki kula.

Mildred, mwenye duka la dawa za mifugo, alipoletewa unga ule aliunusa mara moja tu.

"Mzee, hii ni sumu ya kuvu. Jua haiitoi, moto pia haiitoi. Simamisha hii chakula leo leo. Mpatie nyasi kavu na maji ya glukosi, na hii poda inashika sumu kwa tumbo isiingie kwa damu. Ini yake ikipata nafasi, anaweza pona."

Siku ya pili Bibi Harusi alitafuna nyasi. Gikonyo alifurahi hadi akaimba. Lakini magunia yalikuwa bado pale ukutani, na kuyatupa ilikuwa ni kumzika Nyokabi mara ya pili. Hilo hakuliweza. Kila asubuhi akawa ananyunyiza unga kidogo juu ya nyasi. Kidogo hakiui, alijiambia.

Siku ya tano Mildred alikuja kumwona mgonjwa, akamkuta amelala ubavu.

"Mzee, ile chakula uliacha kabisa?"

"Niliacha, mama."

Uongo mtupu, mzee mzima! Mildred akapitisha kidole juu ya nyasi, akamwonyesha unga. Kabla ya saa sita Bibi Harusi akamfia Gikonyo mapajani.

"Nyokabi!" alilia, wala hakujali majirani. "Nimemuua sungura wako kwa mahindi yako!"

Akayaburuta magunia mwenyewe hadi shimo la choo, akayamwaga yote. Alirudi akihema. Mildred akamgeukia.

"Na wewe, mzee? Umekuwa ukikula nini?"

Jikoni githeri, mahindi yale yale na maharage, ilikuwa inatokota tangu asubuhi. Gikonyo akaipua sufuria, akafika nayo mlangoni, akasimama.

"Hii ndiyo imebaki yake," alisema.

"Najua, baba," Mildred akasema. Akashika sikio moja la sufuria, mzee akashika lingine, wakaenda kuimwaga.