Mnyonya Damu Kwenye Karatasi za Karanga

Kijana ana miaka mia tatu na bado yuko kidato cha nne. Nilipofika hapo nililifunga lile daftari. Miaka mia tatu! Hata kama kichwa chake ni kigumu, mwalimu gani angemvumilia? Tena mwili wake una baridi kama soda iliyotoka kwenye friji, hali ugali, jua likiwaka anajificha, na kila akimtazama msichana wake anatamani kumng'ata shingo. Msichana naye, badala ya kukimbia, analegea.

Daftari lilikuwa la binti yangu, kaunta buku nzima imejaa mwandiko wake. Alikuwa kidato cha tatu na alama zake za hesabu zilikuwa aibu tupu. Nilijua wasichana wa shule yao wananakili hadithi hizi za wanyonya damu kutoka kwenye simu na kuzungushiana. Nilikasirika mara mbili: anapoteza muda, na anaupoteza kwa kunakili upuuzi wa mtu mwingine. Nikalichukua.

Mimi nauza karanga za kukaanga Maisaka, jirani na duka la vitenge. Kama wenzangu wote, nazifunga kwa karatasi za madaftari yaliyokwisha kazi. Asubuhi ile nilikuwa nimeishiwa. Sikujiuliza hata kidogo. Nilichana kurasa za mwanzo, nikafunga, nikauza.

Siku ya pili mama mwenye duka la vitenge, mtu mzima wa swala tano, alikuja hata sijapanga meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karatasi ya jana imeishia wamesimama mlangoni. Kijana aliingia, hakuingia?"

"Sijui, mama."

"Basi nipe karanga, ila nichagulie karatasi inayofuata."

Nilidhani ananitania. Kabla ya saa sita walikuwa wamekuja mafundi cherehani wawili na dereva wa bodaboda, wote na swali lilelile. Karanga walizimwaga mfukoni bila kuonja, wakanyoosha karatasi, wakabadilishana. Kwa siku nne nilikaa pale natafutia watu kurasa. Nilichoka nao! Watu wazima, wana wajukuu wengine, wanagombania kijana asiyekula.

Mwishowe nilimwuliza yule mama wa vitenge, kwa hasira hasira, anaona nini cha maana humo. Alikunja karatasi yake taratibu.

"Ana njaa naye, na anajizuia," alisema. "Mimi nimeolewa mara mbili, mwanangu. Mwanaume mwenye njaa akajizuia, sijamwona bado."

Nilimpimia karanga zake.

"Na aliyeandika ni wa hapa hapa," akaongeza. "Kijana anakatiza mashamba ya mahindi ya Sigino na mwamvuli ili jua lisimpate. Hizo za kwenye simu zina Sigino?"

Nilishtuka. Nilitazama chini ya meza: lilikuwa limebaki jalada tu.

Jioni nilimkuta binti yangu anafua sare.

"Ile hadithi uliinakili wapi?"

"Sikuinakili, mama."

"Uliitunga?"

"Ndiyo. Niliimaliza Jumapili." Akanitazama. "Umeiweka wapi?"

Nilimwambia. Hakulia wala hakunijibu vibaya. Aliisuuza sketi yake, akaianika. Heri angepiga kelele. Kesho yake nilizunguka dukani, kwa mafundi, kijiweni kwa bodaboda, naomba karatasi kama kichaa. Zilizorudi zilikuwa chache, zimeloa mafuta. Nyingi zilikuwa zimetupwa, na za mwisho nilikuwa nimewauzia abiria wa basi la Singida. Binti yangu alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante mama, akazitia kwenye begi. Hajaandika tena.

Muhula huu alama zake za hesabu zimepanda. Nikimwita anaitika abee, nikimtuma anakwenda. Ndicho nilichokitaka, na kinaniudhi kuliko nilivyowahi kuudhika. Juzi alikuwa mezani na kitabu chake cha hesabu, nami uvumilivu ukanishinda. Nikamwuliza, hivi mwishoni yule kijana alimng'ata msichana au hakumng'ata?

Hakuinua kichwa.

"Si uliuza, mama," alisema, akaendelea kukokotoa.